Ngwara Imedumaa, Sangari Imerudi: Kutafuta Kilichokwama Unapofufua Shamba Lililolala

Shamba likilala miaka sita bila jembe, halikusubiri jinsi ulivyoliacha. Langu ni eka moja na nusu upande wa chini wa Arumeru. Nilipolirudia nilikuta sangari imetandika zulia, ndago imeshika bondeni, na kando ya njia gugu karoti limechanua maua meupe utadhani limepandwa na mtu. Nilitaka malisho ya mbuzi wa maziwa. Nikapanga kupanda mazao funikizi, yaani ngwara, mukuna na marejea, yafunike ardhi, yazime magugu, yarudishe rutuba, na mbuzi wapate cha kula. Nilidhani msimu mmoja ungetosha. Ilichukua misimu minne.

Haya ninamwandikia yule ambaye ameshapanda, na sasa amesimama kwenye mpaka wa shamba akijiuliza wapi amekosea. Ngwara ninayoisema wengine mnaiita fiwi, na Kenya ni njahi. Mukuna ni jamii ya upupu, ila aina inayolimwa haina zile nywele zinazowasha, hivyo anayekukataza kwa sababu ya jina tu mwonyeshe ganda lake alishike kwa mkono. Marejea nayo ni ya jamii ya kunde.

Anza kwa kuchimba

Watu wengi wanaponiuliza, swali lao la kwanza ni mbegu gani. Mimi nawauliza gugu lao linarudi kwa njia gani, maana hapo ndipo tatizo linapoanzia. Chukua jembe, nenda sehemu tatu za shamba, chimba kina cha kiganja na nusu, inua bonge la udongo ulivunje kwa mikono taratibu.

Ukikuta nyuzi nyeupe zenye vifundo, zimesokotana kama nywele ambazo hazijachanwa wiki nzima, hiyo ni sangari. Kila kifundo ni mche unaosubiri. Ukikuta vijiazi vidogo vyeusi vimeunganishwa kama shanga za tasbihi, hiyo ni ndago. Na ukikuta udongo mtupu chini huku juu kumejaa kishona nguo, mchicha pori na gugu karoti, basi adui yako ni mbegu, na una bahati kuliko sisi wengine. Gugu la mbegu huzuilika kwa kulikata kabla halijatoa maua. La vifundo na la vijiazi halijali umelikata mara ngapi juu, kwa sababu ghala lake liko chini.

Andika ulichokuta. Dalili zote zinazofuata zinasomeka tofauti kutegemea jibu hilo.

Dalili: mbegu imeota kwa mabaka, au haikuota kabisa

Fukua mahali palipo patupu uitafute mbegu yenyewe. Ikiwa haipo na kuna kijishimo, umeibiwa na kwale au kanga. Hao hufuata mstari mmoja mmoja alfajiri, na hupenda mbegu iliyofukiwa juujuu. Fukia ngwara na mukuna sentimita 3 hadi 5, ukanyagie kwa kisigino, kisha ulinde siku kumi za mwanzo.

Mbegu ikiwa ipo lakini imeoza au ina tundu, tatizo umelinunua sokoni. Ngwara ya gulio mara nyingi imekaa gunia moja tangu mwaka juzi na fukusi wamekwisha kuitoboa. Kabla ya kupanda, hesabu mbegu 50, zifunge kwenye kipande cha gunia kibichi, ukiweke kivulini, ukinyunyizie maji asubuhi na jioni. Baada ya siku saba hesabu zilizochipua. Zikiwa pungufu ya 40, ongeza kiwango cha mbegu. Zikiwa pungufu ya 25, zipike, usipande.

Mbegu ikiwa ngumu kama kokoto na haijabadilika, ni ganda lake. Mukuna iloweke maji usiku kucha.

Viwango ninavyotumia mimi kwa eka: ngwara kilo 10 hadi 12, mbegu mbili kila shimo kwa sentimita 60 kwa 30. Mukuna kilo 15 hadi 20 kwa kuwa punje zake ni kubwa. Marejea kilo 5 hivi za kumwaga. Ukibana mbegu ili uokoe pesa, nafasi uliyoiacha wazi haitabaki wazi.

Dalili: zao limeota vizuri, lakini wiki ya tano magugu yamelipita kimo

Hapa ndipo watu wengi hufa moyo, na hapa ndipo nami nilipokula hasara msimu wa kwanza. Nilikuwa nimesikia kwamba mazao haya huzima magugu, nikaelewa kwamba nikishapanda nimemaliza kazi. Sivyo. Zao funikizi halizimi gugu kwa kuwapo tu shambani. Kinachozima ni kivuli, na kivuli cha ngwara hakikamiliki kabla ya wiki ya sita au ya nane. Mwanzoni ngwara ni mzito sana, majani mawili matatu, imekaa pale kama mgeni asiyejua aketi wapi. Sangari haingoji.

Kwa hiyo palizi ya kwanza ni ya lazima, wiki ya pili hadi ya tatu, na nyingine nyepesi wiki ya tano. Baada ya hapo toka shambani usije ukakata shina zinazotambaa. Kama hali yako haikuruhusu palizi mbili, punguza eneo. Robo eka iliyopaliliwa itafunika vizuri. Eka nzima iliyoachwa itakurudisha ulikotoka.

Kipimo changu ni hiki: wiki ya nane, saa sita mchana, piga goti katikati ya mistari uangalie ardhi. Madoa ya jua yakiwa machache na madogo kama sarafu, kivuli kimekamilika. Yakiwa mapana kama sahani, panda mbegu za nyongeza kwenye hayo mapengo siku hiyohiyo kama udongo bado una unyevu.

Njia nyingine ni kuipa ngwara mwenzake mwepesi. Mtama uliopandwa mstari mmoja kwa kila mistari miwili ya ngwara hupanda haraka, hutupa kivuli cha mwanzo, na ngwara hupata pa kukwea. Ila mtama mchanga ambao haujafika kimo cha goti una sumu ya sianidi, vivyo hivyo machipukizi baada ya ukame. Mbuzi wasiuguse mpaka umekua.

Kuna sababu nyingine ambayo huwa tunaisahau: samadi. Samadi mbichi ya zizini inabeba mbegu za kishona nguo na mchicha pori zilizopita tumboni mwa mbuzi zikiwa hai. Ukiitawanya bila kuiozesha, umepanda mazao mawili kwa siku moja. Ilundike, iloweshe, ipindue mara kadhaa mpaka ipate joto la kukufanya uondoe mkono haraka.

Dalili: baada ya kulima kwa trekta, sangari imekuwa nyingi kuliko mwanzo

Nilikodi trekta la plau ya sahani. Dereva alimaliza kwa saa chache, shamba likawa jeusi, zuri, hakuna jani. Wiki tatu baada ya mvua ya kwanza nilisimama pale nikahesabu kwenye eneo la mkeka mmoja machipukizi zaidi ya mia. Sahani zilikuwa zimekatakata zile nyuzi nyeupe vipande vipande, zikavifukia kwenye udongo laini wenye unyevu. Hakuna kitalu bora kuliko hicho. Simlaumu dereva, alifanya nilichomlipa afanye.

Sangari hushindwa kwa jua kwanza, halafu kwa kivuli. Lima wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kwa jembe la meno au uma, uinue mabonge bila kuyasaga. Yaache juani wiki mbili, yageuze, yaache tena. Kusanya nyuzi kwa reki uzitoe shambani na uzichome, usizitupe mpakani. Ndipo masika yakianza unapanda mara moja, kwa kubana, mukuna badala ya ngwara kama uvamizi ni mkubwa, kwa kuwa mukuna hutanda kwa nguvu zaidi. Huko Benin kusini, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wengi walipanda mukuna kupambana na imperata, nyasi yenye mizizi ya chini migumu kuliko sangari yetu. Msimu mmoja huidhoofisha. Usiahirishe msimu wa pili ukidhani umeshinda, kwa sababu kipande cha kidole kimoja kilichobaki kinatosha kuanza upya.

Dalili: nimepiga dawa, majani yamekauka, kisha yamerudi

Uliza kwanza ni dawa ya aina gani. Ile inayounguza juu tu haifiki kwenye vifundo. Ile inayosafiri ndani ya mmea, kama glaifoseti, hufika, lakini kwa masharti. Gugu liwe kijani na linakua, kimo cha kiganja au zaidi. Ukipiga wakati wa kiangazi kwenye majani yaliyosinyaa, hakuna kinachoshuka chini. Maji yawe safi: ukichota kwenye mfereji wenye tope, udongo ulio ndani ya maji unaishika dawa kabla haijafika kwenye jani. Nimeona watu wanaongeza kipimo cha dawa mara mbili, wakati kosa lilikuwa kwenye ndoo. Usifyeke wala kulima ndani ya wiki moja au mbili baada ya kupiga. Na mvua ikinyesha saa chache baadaye, kazi imepotea.

Vaa glavu, buti na barakoa. Mbuzi wasikanyage hapo mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Mimi naitumia kwenye mabaka sugu tu, na kuna wengi waliofanikiwa bila tone moja.

Dalili: ngwara ni ya njano, imedumaa, haitambai

Usikimbilie duka la mbolea. Chimba mche mmoja, usiung'oe, kwa sababu ukiung'oa vinundu hubaki ardhini. Usuuze mizizi kwenye ndoo. Utaona vinundu kama vichwa vya kiberiti. Kata kimoja kwa ukucha. Ndani kukiwa na wekundu wa nyama, kinafanya kazi na mmea unajilisha naitrojeni kutoka hewani. Tatizo litafute kwingine. Kikiwa cheupe na mmea una wiki tatu, subiri kidogo. Kikiwa cha kijani au kahawia, kimekufa. Kama hakuna vinundu kabisa wiki ya tano, udongo una njaa au una tindikali nyingi.

Njaa ya fosforasi ndiyo ninayoikuta zaidi kwenye mashamba yaliyochoka. Mmea hubaki mfupi, majani madogo, rangi yake kijani kizito kuliko kawaida, vinundu vichache. Kwenye udongo wenye tindikali, mbolea ya fosfeti ya mawe ya Minjingu hufanya kazi vizuri na hudumu. Kwenye udongo wa magadi haiyeyuki kirahisi, hapo tafuta TSP, mbolea ya fosfeti inayoyeyuka upesi. Vinundu vikiwa hakuna na jirani zako wote wanalalamikia tindikali, pima udongo kabla ya kununua chokaa.

Manjano ya wiki tatu za kwanza mara nyingi ni ya muda. Ukifukia nyasi nyingi kavu, vijidudu vinavyozioza hunyang'anya naitrojeni ya udongo, na mche bado hauna vinundu vyake. Acha nyasi juu kama matandazo badala ya kuzifukia, au subiri wiki nne kati ya kufukia na kupanda.

Manjano yaliyo bondeni tu, mwinuko ukiwa kijani, ni maji yaliyotuama. Ngwara haipendi kusimama majini. Chimba mfereji.

Na kuna ugumu wa chini. Chukua nondo nyembamba, isukume ardhini siku moja baada ya mvua. Ikishuka kiganja kimoja halafu ikagoma kila mahali kwa kina kilekile, hapo pana tabaka lililogandamizwa na majembe ya miaka mingi au kwato za ng'ombe. Mizizi ya ngwara itajikunja hapo kama mkia wa nguruwe. Ripa ya kukokotwa na maksai, ikipita wakati udongo ni mkavu, hupasua tabaka hilo bila kugeuza ardhi na kuamsha mbegu za magugu.

Dalili: miche inakatwa shingoni, au majani yana matundu

Mche uliolala asubuhi, umekatwa usawa wa ardhi, ni kazi ya sota. Fukua kwa vidole kuuzunguka utamkuta, kiwavi wa kijivu amejikunja. Hujaa shamba lililokuwa na nyasi mpaka siku ya kupanda. Safisha wiki tatu kabla, akose chakula.

Matundu mengi madogo kwenye majani machanga ni mbawakavu. Mche ukifika majani sita hustahimili. Vidukari weusi kwenye vikonyo, kama masizi ya chungu, huja wakati wa maua. Ukiwaona wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi wakiwala, waache wafanye kazi yao. Ukipiga dawa hapa unawalisha mbuzi dawa.

Dalili: kila kitu kimezimwa isipokuwa ndago

Ndago huchukia kivuli kuliko kitu chochote, lakini ina subira. Kijiazi kimoja kikilala chini ya mukuna msimu mzima, kinaweza kuamka mwakani. Na kila ukipiga jembe unaikata ile shanga, vijiazi vilivyokuwa vimelala vinaamka vyote. Kwenye baka la ndago mimi silimi tena. Nafyeka usawa wa ardhi, napanda mukuna kwa kuchoma mashimo kwa mti, kwa kubana kuliko kwingine, na nafanya hivyo masika na vuli bila kuruka. Baka langu la bondeni lilikuwa na upana wa hatua ishirini. Sasa ni hatua sita.

Dalili: kuna maua ya zambarau yaliyoinuka chini ya mahindi au mtama

Hicho ni kiduha. Walioko Siaya, Vihiga, Tabora au Shinyanga wanakijua zaidi yangu. Kinanyonya mizizi ya nafaka, kwa hiyo ule ushauri wangu wa kuchanganya mtama haukuhusu. Panda jamii ya kunde peke yake. Dawa yake kubwa ni desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, iliyoenezwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita nchini Kenya, kando ya Ziwa Victoria, katika mbinu ya sukuma-vuta: mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha zikafa kabla hazijapata pa kushika. Mbegu yake ni ndogo sana, ifukie sentimita 1 tu. Na ni malisho mazuri ya mbuzi.

Dalili: malisho yamejaa, mbuzi hawali au maziwa yana harufu

Mbuzi asiyewahi kuonja mukuna husita. Yaache majani yanyauke nusu siku, uyachanganye na mabingobingo. Usimpe jamii ya kunde peke yake akiwa na njaa asubuhi, tumbo litajaa gesi. Theluthi moja kunde na theluthi mbili nyasi inatosha. Ngwara huweza kutia harufu kwenye maziwa, mpe baada ya kukamua.

Maziwa yakiwa machungu, kagua gugu karoti. Liligunduliwa Arusha mwaka 2010, na bado kuna watu wanalifyeka na kuwapa mifugo. Ni sumu kwao, na linawasha ngozi na kifua cha binadamu. Ling'oe kwa glavu kabla halijachanua, kwa sababu mmea mmoja hutoa mbegu kwa maelfu.

Punje mbichi za mukuna usiwape kuku wala nguruwe. Mbegu za marejea usimpe mnyama yeyote. Marejea ninayapanda kwa ajili ya udongo, kama walivyoyahimiza wamisionari wa Peramiho kule Ruvuma; malisho nayatafuta kwenye ngwara. Na ngwara inathaminiwa mbali: aina iitwayo Rongai, iliyopewa jina la mji wa Kenya, hupandwa hadi Texas na watu wanaotaka kuwavuta kulungu wa mkia mweupe.

Dalili: zao funikizi lenyewe limekuwa gugu, au limeleta nyoka

Umechelewa kulikata. Fyeka linapochanua, kabla ganda halijakomaa, na uache yote juu ya ardhi. Mukuna ikikaribia migomba au kahawa, kata ncha zake kila wiki, la sivyo itapanda mpaka juu. Watu wa nyumbani wakiogopa nyoka wana haki: acha ukanda wa hatua tatu uliofyekwa kuzunguka nyumba na njia ya watoto.

Dalili: matandazo yote yametoweka kabla ya vuli

Mchwa hula, lakini si kwa wiki moja. Kwato ndizo zitakazokujibu. Kiangazi kwetu shamba lisilo na mahindi linahesabiwa kuwa la wote, na mukuna kavu ni malisho ya mwisho machoni pa ng'ombe wenye njaa. Mwaka wa pili nilipoteza matandazo yote hivyo, na udongo ukabaki uchi tena kwa sangari.

Seng'enge ni ghali. Nilikwenda kwa mzee mwenye ng'ombe jioni, wakiwa wamerudi zizini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa habari ya lile shamba."

"Ndiyo, baba. Yale majani makavu si mabaki. Ni mbolea yangu ya mwakani."

Alinyamaza, akaniuliza sasa ng'ombe wake wapite wapi kwenda majini. Hilo sikuwa nimeliwaza. Njia yao ya zamani ilipita katikati ya shamba langu tangu lilipolala, na mimi niliifunga kwa mukuna bila kumwambia mtu. Kesho yake tulipima pamoja ukanda wa hatua nne upande wa mashariki, tukapanda minyaa kuutenga, na nikamwachia mabua ya mahindi ya nusu eka kila baada ya mavuno. Ng'ombe wanapita hapo mpaka leo, na upande wa ndani matandazo hukaa hadi mvua za vuli.